Passo ya milioni nane kwenye barabara ya malori

Muuguzi mmoja wa Masasi alikuwa na shilingi milioni tisa na ushauri wa watu wengi. Alikuwa anatafuta gari lake la kwanza, na macho yake yalikuwa kwenye Toyota Passo ya cc 990. Kila aliyemuuliza alimpa jibu lilelile: mafuta inanusa tu, ila kuchanganya mwendo mpaka uibembeleze. Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alimwambia bila kumung'unya kwamba heri aendelee kugombea siti kwenye basi kuliko kununua gari la kupitwa na bodaboda mlimani. Yeye shemeji alitaka anunue Toyota IST, cc 1,490, hata ikibidi kukopa.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Masasi, na watu huniomba niwasindikize wanapokwenda kukagua gari la mkononi. Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu swali lake linaulizwa karibu kila msimu wa korosho, fedha za mnada zikishaingia, na majibu yanayotolewa vijiweni huchanganya mambo mawili yasiyofanana. Mwenyewe ameridhia, ila jina tu lisitajwe. Nitamwita Nesi, kama wanavyomwita kazini.

Safari zake

Kabla ya kutaja gari lolote nilimtaka anieleze anakwenda wapi, mara ngapi, na nani anakaa kwenye siti za nyuma. Kazini kwake ni kilomita kama 30 kutoka Masasi upande wa Ndanda, lami mwanzo mwisho. Siku za kazi anakwenda na kurudi, peke yake au na mwenzake mmoja. Mara moja kwa mwezi anashuka Mtwara, kilomita zipatazo 200: Ndanda, Nanganga, Nyangao, Mtama, Mnazi Mmoja, kisha kulia. Ukijumlisha unapata kilomita 1,700 hivi kwa mwezi. Halafu kuna Newala, aliko mama yake, ambako hupanda mara chache lakini akipanda hupanda na mzigo. Newala nitairudia, maana ndiko shemeji alikokuwa na hoja.

Barabara ya Masasi hadi Mtwara anayeipita kila mara anaijua. Vijiji vimefuatana, na kila kijiji kina kibao cha 50. Ukitoka kijijini unakanyaga unafika 80 au 90, hujakaa sawa kibao kingine hiki hapa. Askari wenye tochi za kupima mwendo wanajua mahali watu wanaposahau, na kosa moja ni shilingi 30,000. Kwenye barabara ya namna hiyo gari linalofika 100 upesi linakusaidia mara chache sana. Wenye Crown na wenye Passo wanaotoka Masasi saa moja asubuhi hukutana Mnazi Mmoja kwenye chai wakiwa wamepishana kwa dakika tu. Kinachopimwa zaidi ni kutoka 50 kwenda 80, kile kipande baada ya kibao cha kijiji, na pale unapotaka kulipita lori. Nilimwambia Nesi tupime hicho na mengine tuyaache.

Hesabu ya fedha

IST zilizokuwa zinauzwa wakati ule, namba D, yaani herufi za usajili zinaanzia D, nzuri za kuangalia, zilikuwa milioni 12 na nusu. Passo za namba D zilikuwa kati ya milioni 6.8 na 8.3. Kuagiza Japan tulikuzungumza tukakuacha mapema. Ni kweli injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi ule ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, wakati iliyopita hapo hadi 2,000 inalipa asilimia 5. Lakini Passo za toleo la kwanza zilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2010, kwa hiyo zote zimeshavuka miaka 10, na gari lililovuka miaka 10 linabebeshwa asilimia 30 za uchakavu. Ongeza ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, na bei ya Japan iliyokuvutia inageuka bei nyingine kabisa ikifika bandarini.

Mafuta niliyapigia hesabu kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, ili namba ziwe nyepesi. Kikomo chenyewe cha bei EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hukitangaza upya kila mwezi. Passo nzima ya cc 990 kwenye safari kama zake nimezoea kuiona ikipata kilomita 16 kwa lita, na IST ya cc 1,490 kilomita 12. Wapo watakaosema zao zinapata zaidi. Wengi wao huangalia mshale wa geji, hawajazi tangi wakasoma kilomita, wakajaza tena. Kwa kilomita 1,700, Passo inataka lita 106 na IST lita 142. Tofauti ni lita 36, yaani shilingi 108,000 kwa mwezi, karibu milioni 1 na laki 3 kwa mwaka.

Kuna jambo wengi wameshalisahau. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyoita road license, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na badala yake kila lita ya mafuta ikaongezwa shilingi 40. Zamani mwenye gari la kunywa na mwenye gari la kunusa walikwenda dirishani wakalipa kwa ukubwa wa injini, gari litembee lisitembee. Siku hizi unalipia pampuni, kila lita. Anayetembea sana na gari dogo ndiye aliyepata nafuu, na Nesi anatembea sana.

Kwa upande wa IST alihitaji kukopa milioni 3 na nusu ili apate gari, na nyingine ya matengenezo ya mwanzo. Mkopo wa watumishi upo, unakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Shemeji alisema makato hayaui. Nesi alikuwa bado anakatwa ule wa kumalizia nyumba, na jibu lake kwa shemeji lilikuwa la heshima lakini fupi: "Shemeji, wewe utanisaidia kulipa?" Mazungumzo ya IST kwa upande wa fedha yaliishia hapo. Yalibaki kwa upande wa usalama, na huko shemeji alistahili kusikilizwa.

Nguvu kwa uzito

Injini ya Passo hii ni 1KR-FE, pistoni tatu, cc 996 ambazo watu huziita 990, nguvu za farasi 71. Gari lenyewe tupu lina uzito wa kilo 900 hivi. IST ya 1NZ-FE ina farasi 109 na uzito wa kama kilo 1,040. Gawanya: Passo tupu ina farasi 79 kwa kila tani, IST tupu ina 105. Sasa pakia kilo 300, watu wanne na mizigo midogo. Passo inashuka hadi 59, IST inashuka hadi 81.

Namba hizo zisome tena. IST iliyojaa watu haiizidi sana Passo ya mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kuilalamikia IST yenye familia ndani kwamba ni hatari barabarani. Kwa hiyo Passo ya Nesi anapokwenda kazini peke yake ina nguvu zinazokaribia zile ambazo shemeji mwenyewe anazo kwenye IST yake Jumapili anaporudi kanisani na mkewe na watoto. Nilimwonyesha shemeji hesabu kwenye karatasi. Akaiangalia, akasema, "Haya, na yeye akipakia familia?" Swali zuri. Akipakia familia, Passo inakuwa gari jingine, na lazima dereva naye awe mtu mwingine.

Passo mbili za Mtwara

Tulikwenda Mtwara Mjini kuangalia Passo mbili. Ya kwanza dalali aliitaja milioni 6.8, nyeupe, safi, imepigwa polishi hadi matairi. Ya pili ilikuwa ya mtu binafsi, milioni 8.3, rangi imefubaa kwenye bodi ya juu, kiti cha dereva kimechanika pembeni. Nesi, kama ambavyo angefanya mtu yeyote, alianza kuipenda ile nyeupe kabla hajafungua mlango.

Tulipofika tuliikuta inaunguruma. Dalali alikuwa amekwishaiwasha na kuipasha moto, jambo ambalo peke yake halina hatia, lakini linanifanya niangalie zaidi. Nilizima, nikatoa ufunguo, nikaurudisha na kuugeuza hatua moja bila kuwasha. Hapo taa zote za dashibodi zinapaswa kuwaka: ya oili, ya betri, ya breki, na ile ya njano yenye umbo la injini. Gari likishawashwa zinazima. Kwenye ile nyeupe taa ya injini haikuwaka kabisa. Haikuwaka kabla, haikuwaka baada. Dalali akasema, "Unaona kaka, haina hata taa moja." Ndiyo, haina hata ile inayotakiwa kuwepo. Mtu ameifunika au ameitoa, na hakuna anayehangaika kufungua dashibodi kuondoa taa ya gari lisilo na ugonjwa.

Tuliiendesha kuelekea Mikindani. Nesi alikaa mbele, dalali nyuma, mimi kwenye usukani. Kwenye tambarare, kutoka 50, nikakanyaga mafuta hadi chini na Nesi akabonyeza saa ya simu. Mlio ulipanda, gari likatikisika kidogo, na 80 ikaja sekunde ya 13. Kwenye kilima mtikisiko uliongezeka. Dalali hakunyamaza: "Mama, hizi ni plagi tatu, lazima itikisike. Na cc ni mia tisa tu, usitegemee ikuruke kama Subaru. Ndivyo zilivyo."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowagharimu watu fedha. Kweli pistoni tatu zinatikisika. Ila zinatikisika gari likiwa limesimama, mlio uko chini, na mtikisiko ni wa mpangilio. Ukipandisha mlio kidogo unapotea. Mtikisiko unaokuja gari likibeba mzigo au likipanda kilima, na unakuja kwa kukatakata, ni pistoni mojawapo kukosa kuchoma. Kwenye injini ya plagi nne ukipoteza moja umepoteza robo ya nguvu. Kwenye hii umepoteza theluthi. Na kwa kuwa mnunuzi ameshaambiwa na dunia nzima kwamba Passo haina nguvu, theluthi hiyo inapotea mbele ya macho yake asishangae.

Tuliporudi nilishika rimu za magurudumu moja moja. Tatu zilikuwa za uvuguvugu. Ya mbele kulia sikuweza kuweka kiganja. Breki ya upande huo ilikuwa imekwama, inashika hata usipokanyaga, kwa hiyo gari lilikuwa linaburuza kama punda aliyefungwa mguu. Kisha nikafungua boneti, nikabadilishana koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuchoma, ya pistoni ya kwanza na ya pili, tukazunguka tena mtaa. Kule kukatakata kulihama pamoja na koili. Koili ilikuwa inakufa ikipata joto.

Hapo Nesi aliuliza jambo la akili: koili na breki si ni vitu vya kununua tu? Kwa nini tusipunguziwe bei, tukatengeneza, tukabakiwa na fedha? Kwa bei ya vipuri alikuwa sahihi. Lakini pistoni isiyochoma inatapika petroli mbichi kwenye eksozi, na petroli hiyo inaunguza masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya eksozi. Hujui limetembea hivyo kwa muda gani. Na ile taa iliyofichwa imefichwa na mtu aliyejua kuna tatizo, akaona rahisi zaidi kunyamazisha taa kuliko kununua koili. Mtu wa namna hiyo sitarajii kama alibadilisha oili kwa wakati, na 1KR-FE ni injini inayovumilia mengi isipokuwa oili chafu. Nilimwambia koili ningeisamehe, taa siisamehi.

Passo ya pili ilikuwa ya baridi tulipofika. Mwenyewe, mzee mstaafu, alitukaribisha ukumbini kwanza, tukasalimiana tukaulizana habari za nyumbani kama inavyopasa, ndipo akatupa ufunguo. Taa zote ziliwaka, zote zikazima. Iliwaka kwa mara moja, ikatetemeka ule mtetemo wake wa kawaida, ikatulia. Barabara ile ile, watu watatu vilevile, kutoka 50 hadi 80: sekunde 7. Rimu zote joto sawa. Oili ya gia boksi ilikuwa nyekundu ya kukolea, haikunuka kuungua. Shokapu za nyuma zilikuwa zimechoka na bushi moja ya mbele inagonga, vyote vinaonekana na vyote vina bei inayojulikana. Mzee alituambia mwenyewe kuhusu bushi kabla sijaisikia.

Siku hiyohiyo niliomba IST ya jamaa mmoja pale Mtwara, nzima kabisa, tukaipima kwa mtindo ule ule. Sekunde 5.

Kati ya IST nzima na Passo nzima kuna sekunde mbili. Kati ya Passo nzima na Passo gonjwa kuna sekunde sita. Ubishi wote wa vijiweni ni juu ya zile mbili, na hizo sita hakuna anayezitaja. Uzito wa kuchanganya ambao gari limezaliwa nao unaweza kuuzoea na kuupangia. Uzito wa ugonjwa unakupa gari zito ambalo pia linakunywa mafuta, kwa sababu unakanyaga zaidi kupata kilekile. Ungelinunua kwa kubana matumizi ukajikuta unalipia lita kama za IST.

Malori ya makaa

Sekunde mbili nazo si kitu cha kudharau, na hapa nampa shemeji haki yake. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kushushwa kwa wingi bandari ya Mtwara, barabara kutoka Songea, Tunduru, Masasi hadi Mtwara imejaa malori yenye matela. Kuanzia Oktoba ongeza malori ya korosho. Mtu wa gari dogo anayekwenda Mtwara atakuwa nyuma ya lori muda mwingi, tena lori refu.

Chukua lori linalokwenda 60. Urefu wake na tela ni kama mita 20, na wewe unataka mita 20 nyuma kabla ya kutoka na mita 20 mbele kabla ya kurudi. Hizo ni mita 60 za kulizidi. Ukiwa kwenye 80 unalizidi kwa kilomita 20 kwa saa, unatumia karibu sekunde 11, na katika sekunde hizo umetembea mita 240. Anayekuja mbele yako kwa 80 naye ametembea mita 240. Unahitaji karibu nusu kilomita ya barabara unayoiona yote, wazi, bila kona wala kichuguu. Ukiweza kufika 90 mahitaji yanashuka hadi mita 340 hivi. Hiyo ndiyo bei halisi ya gari zito: nafasi zile za mita 340 ambazo mwenye IST anazichukua, wewe unaziacha zipite. Kutoka Mnazi Mmoja kwenda Mtwara kuna vipande vyenye kona na miinuko ambavyo Passo haina nafasi hata moja. Unakaa nyuma ya lori, unakula vumbi la makaa, unasubiri.

Nesi nilimfundisha mambo machache pale pale njiani tuliporudi. Usijibanze nyuma ya lori, kaa mbali. Ukiwa mbali unaona mbele, na una nafasi ya kuanza kukimbia kabla hujatoka upande wa pili. Zima AC kwanza, injini ndogo inaisikia. Halafu kanyaga hadi chini, gia ishuke yenyewe, mlio upande. Hili la mwisho lilimpa shida zaidi ya yote. Wengi wetu tumelelewa tukiamini gari likipiga kelele linaumia, na madereva wengi wa Passo hukanyaga nusu kwa huruma, wakabaki upande usio wao muda mrefu zaidi. Injini hii inatoa farasi wake 71 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Kama oili ni safi na maji yapo, kelele ya sekunde kumi haiidhuru. Dereva ndiye anayedhurika kwa kusitasita.

Na kama ana mashaka, asitoke. Kwenye karatasi ya hesabu zetu nilimwongezea robo saa ya safari ya Mtwara kwa ajili ya kukaa nyuma ya malori. Mara moja kwa mwezi, robo saa. Aliiona ni bei ndogo kuliko makato ya mkopo.

Newala

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na ukitokea Masasi unaufikia kwa kupanda ukingo wake. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi inajengwa kwa awamu, kwa hiyo kuna lami, kuna changarawe, kuna vumbi la kuzama tairi. Uwanda ule una shida ya maji ya miaka nenda rudi, na mtoto anayekwenda kwa mama yake kiangazi haendi mikono mitupu. Nesi hupeleka madumu sita ya maji. Dumu moja ni kilo 20, sita ni 120. Weka na dada yake, mtoto, gunia la mchele, na msimu wa kupulizia mikorosho mfuko wa salfa. Umeshapita kilo 300 kabla hujaanza kupanda.

Passo inapanda. Hili nalisema kwa kuwa kuna wanaodai inagoma. Inapanda ikiwa kwenye gia ya pili, kelele tupu, kilomita 40 au 50 kwa saa, na haitaki kusimama katikati halafu ianze upya kwenye changarawe. Tatizo langu kule si nguvu, ni tumbo la gari. Ikijaa inakaa chini, na shokapu za nyuma zikiwa zimechoka kama zile za mzee, inafagia mawe ya katikati ya barabara. Kushuka ni hadithi nyingine: gia ya D haitoshi, inabidi kushusha gia na kuacha injini ishike, la sivyo breki zinachemka.

Kama Nesi angekuwa anapanda Newala kila wiki ningesimama na shemeji. Anapanda mara tano sita kwa mwaka. Kwa safari hizo tulikubaliana madumu yapande na gari la abiria la kulipia mzigo, na Passo ibebe watu. Kukodi nafasi ya madumu kwa mwaka mzima hakufiki hata robo ya tofauti ya mafuta niliyoihesabu hapo juu.

Alivyonunua

Mzee alishuka hadi milioni 7.9. Tuliangalia kadi kama jina ni lake, tukaangalia kwenye mfumo wa polisi kama gari lina deni la faini, tukakuta moja ya tochi, akailipa mbele yetu. Mkataba uliandikwa na kusainiwa, uhamisho wa umiliki ukaanza TRA, mamlaka ya mapato, siku ileile. Hilo nalisisitiza kwa kila mtu, maana gari linalotembea na jina la mtu mwingine linakufanya ulee madeni yake. Bima ndogo 118,000. Zikabaki karibu laki 9 na elfu 80 kabla ya gharama za uhamisho, na nyingi ya hizo zikaingia kwenye shokapu za nyuma, bushi, oili ya injini, oili ya gia boksi, plagi tatu na filta ya hewa. Filta ya zamani ilitoka na vumbi jekundu la kutosha kupandia mche wa korosho. Baada ya kubadilisha vile gari lilichangamka kidogo zaidi ya lilivyokuwa Mtwara, ingawa halikugeuka IST.

Petroli anajaza tangi hadi juu kwenye kituo kilekile, anaandika kilomita kwenye daftari la zamani la kliniki. Wastani wake wa kazini umekuwa juu kidogo ya 16. Alipoanza kubeba wenzake watatu kila siku kwa kuchangiana mafuta, ukashuka chini ya 15, na malalamiko ya gari kuchelewa kuchanganya yakarudi, safari hii kutoka kwake mwenyewe. Sikuwa na dawa ya hilo. Wenzake wanachangia zaidi ya kile kinachopotea, kwa hiyo ameamua kuamka mapema.

Shemeji bado anaiita Passo hiyo pikipiki ya miguu minne. Aliiazima kwenda msibani Nachingwea IST yake ilipokuwa gereji, akairudisha na tangi limebaki zaidi ya nusu, hakusema neno.

Mdogo wake Nesi, mfanyabiashara wa nguo anayezunguka na magulio ya Nachingwea hadi Liwale, alipoona dada yake amepata gari kwa bei ile alikuja na milioni nane zake akitaka Passo kama hiyo. Nilimkatalia. Yeye hubeba marobota kila safari, njia yake sehemu kubwa ni udongo, na siku gari likiwa tupu ni siku ambayo hakufanya biashara. Tunamtafutia Toyota Probox ya mizigo, hata ikiwa namba C, ambayo imetengenezwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Itakunywa zaidi ya Passo. Mpaka sasa tumeangalia moja tu, ya Lindi, na taa yake ya injini nayo haikuwaka nilipogeuza ufunguo.